Baba Yangu Hakuwa Mchawi

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua imeanza leo, na kama kawaida Ganjoni nzima imejifanya kushangaa. Jirani wa chini amepiga kelele kwamba maji yanaingia kwake, kana kwamba mwaka jana hayakuingia. Mimi nimetandaza nguo za baba juu ya viti zikauke, kisha nikafungua kazi mpya.

Kazi yenyewe ni kutafsiri maandishi ya kale kuhusu uchawi. Mchapishaji anataka kitabu cha kusomwa vyuoni, na ameniletea rundo zima. Mengine ni ya Ulaya ya zamani, enzi za kuwachoma vikongwe kwa kosa la kufuga paka. Mengine yameandikwa na makarani wa kikoloni waliozunguka pwani hii wakinakili kila walichokiona, hasa wasichokielewa. Karani mmoja alimwona mtu akimeza sindano sokoni, akaandika kwamba huyo ndiye mganga mkuu wa nchi. Nimecheka peke yangu. Nilipokuwa mdogo baba yangu alimeza sindano kila Jumamosi, na Jumatatu akarudi kupaka rangi nyumba za watu.

Baba yuko dirishani. Ana miaka sabini na tisa, na mvi zimemjaa mpaka kwenye nyusi. "Rispah," ameniambia, "masika haya yakiisha narudi nyumbani."

Nikamwambia hapa ndipo nyumbani.

"Hapa ni kwako," akasema.

Anataka kibanda kwetu, bara ya Kilifi, karibu na kaburi la mama. Tangu mama afariki amekuwa akisema hivyo kila masika, nami hujibu "haya, baba" nikaendelea na shughuli zangu. Safari hii ameshakunja mashati yake.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Nimetafsiri kurasa chache. Baba ametia chumvi kwenye chai, akainywa yote ili nisimseme.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nimekutana na mwandishi niliyempenda. Jina lake halipo, maana ukurasa wa mwanzo umechanika, lakini ni mtu wa zamani sana na hasira zake ni nzuri. Anasema kijijini kwake walimnyonga mjane kwa sababu ng'ombe wa jirani walikufa. Wiki hiyohiyo, watu walewale wakajazana sokoni kumshangilia mchezaji wa mazingaombwe aliyejipitisha kisu mkononi bila kutoka damu. Basi mwandishi akaamua kueleza hila zote za wachezaji, moja baada ya nyingine. Kisu kina pengo katikati, na pengo ndilo linalokaa juu ya mkono. Aliamini kwamba watu wakijua jinsi mkono unavyolidanganya jicho, wataacha kuwanyonga wajane.

Nimemsomea baba. Amesikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo hana adabu."

Kwa mafundi wa mazingaombwe, kufunua hila ni kumvua mwenzako nguo mbele za watu. Hata mimi mwanawe, niliyekatwa kichwa mbele ya shule chungu nzima, najua zile hila nilizoingia ndani yake tu. Sanduku nililokatiwa kichwa, na vioo vyake, nalijua, na uzi na sindano nilivishika mwenyewe. Nyingine hakunifundisha wala sikuthubutu kuuliza.

Kazi imenishinda baada ya hapo. Nimekumbuka harufu ya sanduku lile, rangi ya mafuta na kafuri, na mimi ndani natafuna pipi kwa sababu mama alisema mtoto mwenye pipi hacheki. Nje nasikia watu wanalia, wengine wanamtaja Mungu. Karabai inavuma. Baba amevaa koti jeusi lenye bitana nyekundu alilolishona mama, na sauti yake inatoka juu kama ya mtu asiyewahi kukosea jambo. Nilimpenda baba kila siku, lakini siku za koti lile nilimpenda kwa namna nyingine, na namna ile sijawahi kuipata tena kwa mtu yeyote.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Chengo amekuja na mkewe Mercy na kuku mzima aliyefungwa miguu. Chengo ni mtoto wa ndugu mdogo wa baba, anafanya kazi bandarini. Tumekula vizuri, tumemcheka kuku alivyokataa kufa, na baba amesimulia hadithi moja mara mbili bila mtu kumkatiza. Alipokwenda kulala kidogo, Chengo akavuta kiti.

"Dada, usimpeleke baba mkubwa kule nyumbani."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mwezi wa tatu kuna mtoto alifariki pale jirani. Homa. Vijana wanasema si homa. Wazazi wao wamewahadithia vile baba mkubwa alivyomkata mtoto kichwa shuleni, akakirudisha. Wanasema anayeweza kukirudisha anaweza pia kutokirudisha."

"Mtoto aliyekatwa kichwa ni mimi," nikamwambia. "Ungewaambia kichwa ninacho, na kila mvua ikinyesha kinauma."

"Niliwaambia. Wakasema ndiyo maana hukuolewa."

Nilitaka kucheka, lakini macho ya Chengo yalikuwa yamejaa machozi. Akanikumbusha mzee Dzoro, jirani yetu, waliyemkata kwa mapanga shambani kwake mwaka juzi. Mzee Dzoro hakujua hila hata moja. Alikuwa na mvi tu.

Chengo ana shauri. Watu wa kwetu wanaofanya kazi hapa Mombasa wana chama chao, hukutana kila mwezi kwa mambo ya misiba na harusi. Mwezi ujao atakuja Kahindi, kijana ambaye vijana wote wa nyumbani humsikiliza. Baba asimame mbele yao awaonyeshe kila kitu kilivyofanywa. Kahindi akiridhika, baba atalala kwake kwa amani. Asiporidhika, baba asikanyage kule, akiwa hai wala akiwa maiti.

Nimemtazama mwandishi wangu asiye na jina pale mezani. Nimejisikia kama mtu anayesoma habari za moto huku jikoni kwake kunaungua.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua imetupa nafasi jioni, nikampeleka baba Mama Ngina, kando ya bahari, kula mihogo ya kuchoma. Upepo ulikuwa mzuri, watu wengi, watoto wanakimbizana. Nikaona hapo ndipo pa kumwambia. Nimemwambia yote, hata la mzee Dzoro.

Alitafuna polepole. "Niliapa mbele ya Shebwana," akasema.

Fundi Shebwana ndiye aliyemfundisha, kule Mji wa Kale, baba alipokuja mjini akiwa kijana wa kuchota maji.

"Shebwana amekufa, baba."

"Kiapo hakijafa." Akapangusa pilipili vidoleni. "Na nikuambie jambo. Mtu ukimwonyesha kioo kilipokaa, hakushukuru. Anakudharau. Afadhali waniogope."

"Dzoro walimwogopa," nikasema, na sauti yangu ikawa kubwa kuliko nilivyotaka. Muuza mihogo akageuka.

Tumerudi kwa miguu. Karibu na mlango wetu akanishika mkono, akaniita Kadzo. Kadzo ni mama. Sikumsahihisha.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Baba hajanisemesha. Nami nina kiburi chake, kwa hiyo nyumba imetulia sana.

Jumamosi, 3 Mei

Leo asubuhi nimemkuta baba amevaa kanzu yake nyeupe. "Twende kwa Swafia," amesema, basi.

Bi Swafia ni binti wa Fundi Shebwana. Anakaa Kibokoni, nyumba ileile, ngazi zilezile za kumvunja mtu shingo. Tulipopiga hodi alitoka na leso mabegani, akamtazama baba kwa muda mrefu.

"Tsofa. Nlidhani ushakufa."

"Bado, Bi Swafia."

"Basi ngia ndani, mvua yaja. Na huyu ndiye yule mtoto wa sandukuni? Mashallah, umenenepa."

Ametupa mahamri na mbaazi na kahawa chungu. Sebule imejaa makabati, lakini niliitambua pembe ambayo Fundi Shebwana alikaa akipaka rangi sanduku langu, huku akiniambia nisiguse na kunipa halua ili niondoke. Nilidhani nimeshaisahau sura yake. Kumbe ilikuwa pale, na meno yake ya dhahabu, na moyo ukanijaa.

Baba alieleza shida yake kwa adabu, kama mtu anayeposa. Akaomba ruhusa ya kuvunja kiapo.

Bi Swafia aliweka kikombe chini. "Ruhusa ya nani? Babangu yuko Kikowani chini ya mchanga, hana haja na hila. Neno alilokuapisha nalijua, nlikuwapo. Ni usifunue hila mbele ya mtu alolipa kuja kuona. Hawa wenzio hawakulipa. Hawa wataka kukuua."

Baba akainamisha kichwa. Nilidhani mambo yamekwisha, lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Mimi nna swali jengine. Babangu kabla hajanyosha mkono, siku zote husema mbele za watu, 'Hapa hapana jini. Pana mkono wangu, na mato yenu.' Hajapata kucheza asiseme. Ndiyo kinga ya fundi. Wewe kwenu ulisema?"

Bi Swafia alingoja, kisha akamwongeza mbaazi. Mwanamke yule anajua wakati wa kumhurumia mtu.

Jibu nimelipata ndani ya tuktuk, mvua ikipiga turubai. "Mjini nilisema kila mara," baba akaniambia bila kunitazama. "Kule kwetu sikusema. Waliniita mtoro wa shamba, Rispah. Ndugu zangu, hata marehemu baba. Nikaenda na koti lile, na sanduku, na wewe. Wakanyamaza wote. Ule ukimya ulikuwa mtamu. Ningesema ni mkono tu, wangecheka."

Miaka yote nimemwona baba kama mtu aliyependa kuwafurahisha watu. Leo nimemwona kijana mwenye uchungu, mwenye koti la kushonewa na mkewe. Upendo wangu kwake haukupungua. Nilimhurumia tu, na kumhurumia baba ni kitu kigeni kwangu.

Alhamisi, 8 Mei

Tunafanya mazoezi. Mercy ameleta kioo cha kabati lake. Vidole vya baba vinatetemeka akishika kikombe, lakini akishika uzi havitetemeki.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Amepotea njia akitoka dukani. Kinyozi amemleta. Amesema alikuwa anatembea tu.

Jumapili, 18 Mei

Nimeoga, nimekunywa chai. Nitaandika yote.

Chama kilikutana kwenye darasa la chekechea hapa Ganjoni, watu wazima tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti usoni. Baba nilimvalisha mwenyewe, shati jeupe la mikono mifupi, na mifuko yote niliigeuza nje ili pasiwe na neno. Kahindi alikuwa mlangoni. Ni kijana mpole wa sura, mrefu, koti la jinzi. Nilitarajia jitu la kutisha, nikamchukia zaidi kwa kuwa na heshima. "Shikamoo, babu," alisema, na baba akamkumbatia kama wanavyokumbatiana watu wa kwetu.

Mercy akaja baadaye na kikapu cha mayai ya kuuza, akakiweka karibu na ubao.

Baba akasimama. "Hapa hapana jini," akasema. "Pana mkono wangu, na macho yenu. Maneno haya nilipaswa kuyasema pale shuleni zamani zile, sikuyasema. Mnisamehe."

Akaanza. Alikata uzi akauunganisha, kisha akaonyesha ule uzi wa pili uliojificha kati ya vidole. Akameza sindano, kisha akaonyesha shavuni zilipokaa. Ilipofika zamu ya kichwa, nikapiga magoti nyuma ya meza na kioo cha Mercy, mwanamke mzima na presha yangu, kichwa changu kikatokea juu ya sinia kama samaki. Darasa likalia "lo," halafu baba akakisogeza kioo. Wakaliona gauni langu, na matako yangu yote, wakacheka. Kahindi akaja akanigusa shingo. "Samahani, mama," akasema. "Kwa hivyo ni kioo tu."

"Ni kioo tu," baba akasema.

Bibi mmoja nyuma hakucheka. "Nilikuwa msichana pale shuleni," akasema. "Nimewahadithia wajukuu mpaka leo. Kumbe kioo." Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na nilimwelewa kabisa, maana mimi niliyejua tangu mwanzo nilihisi vilevile.

Tungeondoka wakati ule. Lakini baba alisikia makofi, na makofi ni maradhi yake ya zamani. Akainama kwenye kikapu cha Mercy, akachukua yai, akalionyesha kila upande. Akalifunika kwa leso. Akaitikisa leso, yai halipo. Akaigeuza mikono yake, mitupu mpaka viwiko. Kisha akamwambia Kahindi atazame mfuko wa koti lake. Kahindi akatia mkono akatoa yai.

Hakuna aliyepiga makofi. Kahindi alilishika yai lile mbali na mwili wake. "Na hii, babu? Hii ilikuwaje?"

Baba alifungua mdomo. Akatazama vidole vyake, akavigeuza. Nilidhani analinda siri. Halafu nikayaona macho yake, na nikayajua, kwa sababu ndiyo macho anayoyatumia asubuhi akitafuta sukari. Alikuwa anaitafuta. Mikono ilikuwa bado inajua, yeye alikuwa hajui tena.

"Ni... mkono," akasema.

"Mkono vipi?"

Viti vikakwaruza sakafu. Mtu mmoja akasimama kwenda mlangoni. Kahindi hakuonekana mpole tena, alionekana mtoto anayeogopa, na mtu anayeogopa ndiye anayeshika panga.

Mimi sikujua hila ile. Namwapia Mungu sikuijua. Lakini nilisimama. "Kahindi," nikasema kwa sauti yangu ya siku nilizokuwa mwalimu, "babu alikufanya nini pale mlangoni?"

"Alinikumbatia."

"Na mkono wa kushoto ulikuwa wapi?"

Kahindi akatazama mfuko wake. Wote wakautazama mfuko wake. Na walipokuwa wakiutazama, mkono wangu ukashuka kikapuni ukachukua yai jingine. Hakuna aliyeniona. Jambo hilo ni rahisi kiasi cha kutisha.

"Yai la mfukoni ulikuja nalo kwenye kiti chako," nikaendelea, huku natembea kuelekea mkoba wa baba, uliokuwa wazi sakafuni pale alipokuwa amesimama. "Na lile la kwanza liliangukia humu wakati mnaitazama leso." Nikatia mkono mkobani, nikalitoa. "Hili hapa. Mafundi hawapendi kueleza hii. Mzee anaona haya kwa sababu alitumia salamu kukudanganya, na salamu kwetu ni kitu cha heshima."

Kahindi akatazama yai moja, akatazama la pili. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, na darasa zima likacheka naye. "Babu, wewe ni mwizi," akasema, akamshika baba mikono yote miwili. "Njoo nyumbani. Mimi mwenyewe nitakuezekea." Chengo alikuwa amegeukia ubao, mabega yanamtikisika.

Baba alinitazama kwa mshangao. "Kumbe," akasema polepole. "Kumbe nilikuwa nafanya hivyo."

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Sikufanya kazi. Mwandishi wangu alisema ukweli ndio unaomwokoa mtu asiye na hatia. Jana baba aliokolewa na uongo, na aliyeusema ndiye anayemtafsiri huyo mwandishi.

Jumatano, 28 Mei

Kila siku baba ananiuliza ile ya yai ilikuwaje. Kila siku namweleza: kumbatio, mfuko, leso, mkoba. Husikiliza kwa makini, nikimaliza hutikisa kichwa. Siku za kwanza alicheka. Sasa hacheki. Jana alisema, "Ni hila nyepesi, eh? Hata mtoto angeweza." Akasogeza kikombe chake pembeni.

Nimempigia Chengo. Nimemwambia baba hataweza kukaa peke yake kule, nitakwenda naye. Kutafsiri naweza popote penye meza. Chengo ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia sina, lakini nimeshakunja nguo.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua imepungua, jua limetoka kidogo baada ya saa sita. Kahindi ametuma picha: kibanda kimeezekwa, na mbele yake vijana wamesimama wakicheka. Chengo atatuchukua kesho asubuhi.

Leo mchana baba ameuliza tena. Nilikuwa nafunga vyombo kwa magazeti. Nikaanza, "Ulipomkumbatia Kahindi mlangoni," nikaona uso wake unaanza kushuka kama siku zote. Nikaacha vyombo, nikakaa mbele yake.

"Hapana, baba. Niliwadanganya. Yai lile jingine nililichukua mimi kikapuni, na hayo ya mlangoni niliyatunga palepale. Ulipomkumbatia Kahindi, Mercy alikuwa hajaja na mayai, na mifuko yako niliigeuza mwenyewe. Sijui ulifanyaje. Nimewaza tangu siku ile, nimepekua maandishi yote niliyo nayo, hakuna mahali palipoelezwa. Wewe umesahau, Shebwana amekufa. Hakuna anayejua."

Niliogopa nimemvunja.

"Ulikuwa karibu nami?" akauliza.

"Karibu kama hivi."

"Na hukuona kitu?"

"Sikuona kitu."

Akajiegemeza kitini, akaiweka mikono yake juu ya magoti na kuitazama, kwanza mmoja, kisha wa pili.

"Basi nilikuwa fundi," akasema.